Neno «haya»: historia yake na kazi yake katika muji wa Bunia

Ukifika mugeni katika nyumba ya Bunia saa ya chakula, mwenye nyumba atakupa maji ya kunawa, atasogeza sahani, kisha atakuambia: «Kula, usisikie haya.» Mutoto akijificha nyuma ya kitenge cha mama yake pahali pa kusalimia wakubwa, mama atamutetea: «Eko na haya.» Mutu akikopa franka na kukana deni mbele ya mashahidi, watu watasema: «Ule muntu hana haya.» Na musichana aliyetendewa mabaya na watu wenye bunduki, akiulizwa sababu gani alinyamaza miaka mingi, atajibu kwa sauti ndogo: «Nilisikia haya.»

Majibu haya manne hayafanani. Haya ya mugeni ni kitu kidogo, kinaondoka na tonge la kwanza. Haya ya mutoto ni adabu inayoanza kuota. Haya aliyoikosa mwenye deni ni ukuta uliopashwa kumuzuia. Na haya ya musichana yule ni muzigo ambao mwingine alimutwika. Namna gani neno moja limekuja kubeba mambo hayo yote? Na sisi tunaojitayarisha kusikiliza watu, tunasikia nini wanapolitamka? Ndiyo sababu tumetaka kufuata historia yake toka pwani ya bahari kufika huku kwetu karibu na Ziwa Albert, na toka wakati wa misafara kufika miaka ya vita vyetu.

I. Neno lenyewe na ndugu zake

Kwanza tulitenge na maneno yanayosikilika sawa nalo. Tunasema «mambo haya». Tunasema tena «haya, twende». Kisha kuna «haya» yenyewe tunayotaka kuchungua. Yale mawili ya kwanza si shauri letu leo. Watu wengi wa Bunia huacha ile h na kusema «aya», lakini neno ni lile lile.

Lilitoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni ile hali ya mutu anayejizuia kwa sababu ya adabu. Wenye kuandika kamusi za Kiarabu huliweka chini ya muzizi mumoja na maneno ya uzima, yale yaliyotupatia «hai» na «uhai». Waislamu hufundishwa toka zamani kwamba haya ni tawi moja la imani. Krapf, mumisionari Mudachi aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliliandika katika kamusi yake iliyotoka London mwaka 1882. Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, aliliweka naye katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapwa Paris toka mwaka 1939 hata mwaka 1941. Basi ni neno la zamani pwani.

Halikuja peke yake. Lilikuja na ndugu zake, na ndugu hao wanatufundisha jambo. Tutazame neno «heshima». Leo kila mutu anajua heshima ni nini: ni kumupa mutu cheo chake. Lakini katika Kiarabu neno hilo lilikuwa na maana ya haya, ile aibu njema ya mutu mwenye adabu. Tutazame «staha», neno ambalo huku kwetu halisikiki sana, lakini pwani lina maana ya heshima: limetoka katika tendo la kuona haya. Tutazame tena «ari». Katika Kiarabu ari ni fedheha yenyewe. Katika Kiswahili imekuwa ule moto wa ndani wa mutu asiyekubali kushindwa. Waswahili wa pwani walichukua maneno matatu ya haya, wakayageuza kuwa maneno ya sifa. Hawakukosea. Waliona kwamba mutu anayeweza kusikia haya ndiye anayeweza kuheshimu mwingine na kujiheshimu mwenyewe.

Maneno mengine mawili yalibaki upande wa giza. «Aibu» katika Kiarabu ni kilema, kasoro ya kitu. «Fedheha» ni kufunuliwa mbele ya watu. Tukitaka kusema kwa usahihi, tutasema hivi: aibu ni ubaya wenyewe, fedheha ni siku ule ubaya unapoonekana, na haya ni kile mutu anachosikia moyoni, iwe mbele ya kuonekana, iwe nyuma yake. Musomaji ashike tofauti hiyo, tutairudilia.

Lakini tusifikiri kwamba Wabantu walingoja Waarabu ili wajue haya. Kuna neno letu la zamani sana, «soni». Lingala inasema «nsoni». Kinyoro, ngambo ya Ziwa, kinasema «ensoni», na Luganda «ensonyi». Kinyarwanda na Kirundi zinasema «isoni». Kikongo, mbali kabisa upande wa magaribi, kinasema «nsoni». Hata Kiswahili cha pwani kina «soni», ijapokuwa watu wanaitumia kidogo kuliko haya. Neno linalopatikana toka Bahari ya Magaribi hata Bahari ya Hindi halikupitishwa na wachuuzi. Ni urizi wa babu zetu wote.

Kikuyu cha Kenya kinatuonyesha jambo zuri zaidi. Huko «thoni» ni haya, na «muthoni» ni mukwe. Ni muzizi mumoja. Mukwe ni yule ambaye mbele yake unasikia haya. Mutu yeyote wa Ituri ataelewa bila mwalimu. Kwetu pia, katika makabila mengi, kijana akimuona mama wa muke wake njiani anatafuta pahali pa kupita pembeni. Hatakula mbele yake kwa urahisi, hatatamka jina lake. Na hiyo si chuki wala woga. Ni njia ya kusema: wewe ulinipa kitu kikubwa.

II. Namna neno lilivyofika Ituri

Basi sababu gani leo Bunia haisemi «soni», inasema «haya»? Jibu linatuleta katika historia, na historia ile si ya kufurahisha.

Mbele ya Wazungu, njia za Kiswahili ziliingia Kongo kwa Ujiji, zikapita Kasongo na Nyangwe, zikafuata Lualaba hata maporomoko ya Kisangani. Mukubwa wa njia zile alikuwa Hamed bin Muhamed el Murjebi, muzaliwa wa Zanzibar, ndiye watu walimuita Tippu Tip. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Toka Kisangani watu wao, na zaidi Wamanyema, walipanda mito na kuingia katika pori kubwa la Ituri. Stanley alipopita pori lile mwaka 1887, akienda kumutafuta Emin Pasha, alikuta katika Ipoto kambi ya Wamanyema wa mukubwa mumoja aliyeitwa Kilonga-Longa. Kwa habari zake na za wenzake, vijiji vya kandokando vilikuwa vimechomwa, mashamba yameharibiwa, wanawake na watoto wamechukuliwa. Mwezi wa 12 wa mwaka ule Stanley akafika Ziwa Albert.

Wale waliokaa katika kambi zile walijiita Waungwana. Musomaji angalie sana neno hili. Pwani, muungwana ni mutu huru, aliyezaliwa katika nyumba nzuri, mwenye kuvaa nguo ndefu, kusema kwa upole, kusali, na zaidi ya yote kuwa na haya. Asiye muungwana aliitwa mushenzi. Wengi katika Wamanyema walikuwa wenyewe wametekwa zamani, wakabadili nguo na lugha, wakapata jina la Waungwana. Kwa jina lile lugha yao ikaitwa Kingwana. John Whitehead, mumisionari wa Kiprotestanti kule Lualaba, alitoa mwaka 1928 kitabu cha kuifundisha, nacho kinaitwa Manuel de Kingwana. Ndiyo kusema Kiswahili chetu cha Kongo kilibatizwa kwa jina la adabu.

Hapa ndipo shida ya kwanza. Neno haya lilifika Ituri mikononi mwa watu waliojivunia kuwa na haya, na waliotenda mambo yasiyo na haya hata kidogo. Walimuita mwenye kijiji mushenzi kwa sababu alivaa ganda la muti, kisha wakamuchukulia muke wake. Wazee wetu walisikia neno na waliona matendo, yote mawili kwa siku moja. Hata hivi neno likabaki. Watu walilipokea, na waliwapima nalo wale wale walioliletea. Hiyo ndiyo nguvu ya neno zuri: aliyelileta hawezi kulizuia lisimuhukumu.

Toka mwaka 1892 hata mwaka 1894 Serkali ya Leopold ilipigana na Waarabu na kuwashinda. Biashara ile ikaisha, lakini Kingwana hakikutoka. Wangwana wengi walibaki katika vijiji vyao kando ya njia. Mwaka 1903 zahabu ikaonekana Kilo, na miaka iliyofuata migodi ya Kilo na Moto ikavuta watu wa kila kabila. Mubira, Mulendu, Muhema, Mualur, Mulese, Munyali walikutana katika kambi za kazi, na hakuna aliyeweza kusema lugha ya kila mwenziwe. Kilendu na Kilese si lugha za Kibantu, wala Kialur. Ndugu zao wako upande wa Sudani na wa Nile. Walisemezana kwa Kingwana. Askari wa Force Publique walisema Lingala, na hata leo upande wa Aru Lingala ndiyo yenye nguvu. Mapadri Weupe, waliopata kazi ya Ituri katika Prefektura ya Ziwa Albert toka mwaka 1922, walihubiri kwa Kiswahili pamoja na lugha za makabila. Bunia ilikua, ikapokea makao ya wakubwa yaliyokuwa mbele Irumu, ikafanywa makao ya diosezi mwezi wa 11 wa mwaka 1959, na toka mwaka 2015 ni kichwa cha Provinsi ya Ituri. Katika soko lake, Kiswahili ndicho lugha ya wote. Basi soni ilibaki nyumbani kwa wenye lugha za Kibantu na katika Lingala ya askari. Haya ikachukua soko, kanisa, masomo na tribinali.

III. «Kusikia haya»

Neno la kigeni likifika katika nyumba mpya, linajifunza desturi za nyumba ile. Mutu wa pwani anasema «naona haya». Sisi tunasema «ninasikia haya». Yeye anaiona, sisi tunaisikia. Kwa nini? Kwa sababu Lingala inasema «koyoka nsoni», kusikia soni, na kuyoka ni kusikia kwa masikio na kwa mwili pia, kama vile tunavyosema kusikia njaa, kusikia baridi, kusikia uchungu. Kwetu haya ni kitu cha mwili. Inapanda shingoni, inachoma uso, inafunga ulimi.

Tunasema tena «haya inanishika». Hiyo nayo ina ndugu zake ngambo ya Ziwa: Waganda husema ensonyi zimemukamata mutu. Si mutu anayeishika haya, ni haya inayomushika mutu. Haombi ruhusa. Tunasema «umenipatisha haya», na neno hilo ni mashitaka: mutoto aliyeiba anampatisha baba yake haya, muke anayetukana bwana yake mbele ya wageni anamupatisha haya, na bwana anayempiga muke wake anapatisha ukoo wake wote haya. Tena tunasema «hana haya», na hakuna tusi ndogo hapo. Kumuita mutu mujinga, atacheka. Kumuambia hana haya, ataomba wazee wakutane.

Kifaransa kina maneno mengi pahali tuna moja. Gêne ni ya mugeni mbele ya chakula. Timidité ni ya mutoto. Pudeur ni ya mwili na ya mambo ya ndoa. Honte ni ya mutu aliyekosa. Wengine wakiona hivyo husema Kiswahili chetu ni maskini. Sisi hatukubali. Watu wetu wanatenga sana maana hizo, lakini wanazitenga kwa maneno yanayofuata: haya ya bukwe, haya ya watu, haya ya umaskini, haya ya zambi. Na kwa kuziacha chini ya jina moja wanashuhudia kwamba ni mutu mumoja anayezisikia, kwa uso ule ule.

Wazee wanajua pia kwamba haya inaweza kuzidi kipimo. Kuna mezali mbili za Kiswahili ambazo kila mwalimu angepashwa kuzifundisha. Moja inasema: «Mficha uchi hazai.» Nyingine inasema: «Mficha maradhi, kilio humufichua.» Mutu anayesikia haya ya kwenda kwa munganga atalazwa na ugonjwa. Mama anayesikia haya ya kuuliza atabaki bila kujua. Kijana mwenye nguo zilizopasuka anayesikia haya ya kuingia kanisani anakosa Misa kwa sababu ya kipande cha kitambaa. Haya ya umaskini katika Bunia si jambo dogo. Wengi waliokimbia vijiji vyao katika Djugu walikuwa na ngombe na mashamba. Leo wanapanga musitari wa kugawiwa unga, na wanageuza uso wasionekane na anayewajua.

IV. Walimu wa zamani walisema nini

Wale waliotangulia kufikiri juu ya jambo hili walikutana na shida zile zile. Kitabu cha Yoshua bin Sira kinatenga haya mbili waziwazi: moja inaleta zambi, na nyingine inaleta utukufu. Kisha, katika sura za mbele zaidi, kinahesabu mambo ambayo mutu anapashwa kuyasikilia haya na mambo ambayo asiyasikilie haya. Aristote alifundisha kwamba haya ni zaidi mwendo wa moyo kuliko fazila kamili, na kwamba inafaa vijana sana, kwani inawazuia.

Mutakatifu Tomasi wa Akwino alifuata njia ile, akaongeza mambo matatu yanayotufaa. La kwanza: tunasikia haya zaidi mbele ya wale walio karibu nasi kuliko mbele ya wageni. Kweli hiyo inajulikana katika kila kijiji chetu; mutu atatenda Kinshasa asichoweza kutenda nyumbani. La pili: watu wa namna mbili wanakosa haya. Wa kwanza ni waliozama katika ubaya hata hawauoni tena kuwa ubaya. Wa pili ni wazee na watu wema, walio mbali sana na jambo la aibu hata hawaliogopi. Kwa hiyo muzee wetu anaweza kutamka mbele ya watu neno ambalo kijana hawezi, na hakuna atakayesema hana haya. La tatu ndilo kubwa: haya ya kweli inahusu aibu inayotoka katika kosa, na kosa linatoka katika mapenzi ya mutu mwenyewe. Pasipo mapenzi hakuna kosa, na pasipo kosa haya haina deni la kudai.

Hapa tunaona kazi ya haya katika Sakramenti ya Kitubio. Katekisimu za zamani zilifundisha sana kwamba mwenye kuficha zambi kubwa kwa sababu ya haya anaungama vibaya. Ni kweli. Lakini padri akumbuke kwamba mutu anayesikia haya mbele yake ni mutu ambaye zamiri yake ingali hai, na tumekwisha kuona kwamba haya na uhai ni wa muzizi mumoja. Amupokee kama mwenye nyumba anavyomupokea mugeni: «usisikie haya». Hamuambii kwamba chakula si kitu, wala kwamba njaa si kitu. Anamuambia kwamba anakaribishwa. Lakini angalisho: anayeungama zambi yake si sawa na anayesimulia maovu aliyotendewa. Wote wawili watasema «ninasikia haya». Padri asiyetenga hao wawili atamuumiza mumoja wao.

V. Haya iliyotwikwa mwingine

Hili ndilo lililotufanya tuandike. Mwaka 1999 vita vilianza katika Djugu, juu ya udongo na mashamba makubwa, vikaenea Ituri yote. Kufika mwaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa, na mamia ya maelfu walikimbia. Katika mwezi wa 5 wa mwaka 2003 Bunia yenyewe ilikuwa pahali pa mapigano, mitaa ikagawanyika kwa makabila, hata askari wa Ulaya wakatumwa mwezi wa 6. Toka mwisho wa mwaka 2017 damu ilimwagika upya katika Djugu, na mwezi wa 5 wa mwaka 2021 Serkali ilitangaza hali ya vita katika Ituri na Kivu ya Kaskazini.

Katika vita vile wanawake na wasichana wengi walinajisiwa, na wanaume wengine pia. Watoto walifanywa askari. Korti ya Kimataifa ya La Haye ilimuhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa sababu ya watoto askari, na Germain Katanga mwaka 2014 kwa sababu ya shambulio la Bogoro. Bosco Ntaganda alionekana na hatia mwezi wa 7 wa mwaka 2019, na mambo 18 yalihesabiwa juu yake, kati yao kunajisi na utumwa wa kimwili, hata juu ya wasichana waliokuwa katika jeshi lake mwenyewe. Akapewa miaka 30, na mwaka 2021 korti ya rufani ikaithibitisha.

Mashahidi wengi walisema mbele ya korti ile huku uso wao umefichwa na sauti yao imegeuzwa, na pahali pa jina waliitwa kwa namba. Ilikuwa kwa ajili ya usalama wao, na ilifaa. Lakini tufikiri kidogo. Aliyetendewa alifichwa uso. Aliyeshitakiwa aliketi wazi, amevaa vizuri, watu wakimutazama. Tukirudi nyumbani, tunaona jambo lile lile bila korti. Musichana anarudi toka porini na mutoto mugongoni. Watu wanaacha kumusalimia. Bwana anamuacha muke wake kwa sababu askari walimukamata. Ukoo unanong'ona: «ametupatisha haya». Na yule aliyemutenda anapita sokoni, anakunywa pombe yake, anaitwa mukubwa.

Hapo neno letu limegeuzwa kichwa chini. Ile «haya» iliyopashwa kumushika mwenye bunduki imemushika asiye na kosa. Ni sawasawa na siku zile za Ipoto, wakati mwenye kuteka alijiita muungwana na mwenye kutekwa aliitwa mushenzi.

Si mara ya kwanza Eklezya kukutana na jambo hili. Mwaka 410 Roma ilitekwa na jeshi la Alariko, na wanawake wengi Wakristu walinajisiwa. Watu waliwacheka. Wengine walisema wangepashwa kujiua, kama Lukresia wa zamani, ambaye Waroma walimusifu. Mutakatifu Augustino alianza karibu na mwaka 413 kuandika kitabu chake juu ya Muji wa Mungu, na katika sehemu ya kwanza kabisa aliwatetea wanawake wale. Alisema usafi wa mwili unakaa katika mapenzi. Pahali mapenzi hayakukubali, hakuna kilichopotea mbele ya Mungu. Na juu ya Lukresia aliuliza: kama hakukosa, sababu gani alikufa? Aliuawa na haya ya bure. Miaka 1,600 imepita, na swali lile linaulizwa bado katika mitaa yetu. Katika siku zetu Munganga Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa tuzo la Nobel la amani mwaka 2018, amehubiri mara nyingi neno lile lile: haya hii si ya waliotendewa, irudi kwa waliotenda.

Basi tufanye nini na neno haya? Wengine watasema litupwe, lifundishwe kwamba ni desturi ya zamani inayofunga watu. Sisi tunasema hapana. Nchi ambayo mutu anaweza kuua jirani yake asubuhi na kusalimia watu mangaribi haikuzidiwa na haya, imepungukiwa nayo. Lakini haya inapaswa kurudishwa kwa mwenyewe. Na kazi ile inaanza na masikio. Mutu akituambia «ninasikia haya», tusimuambie upesi kwamba si kitu. Tuulize kwanza katika roho zetu: haya hii ni ya nani? Kama ni ya mugeni, tumusogezee sahani. Kama ni ya mutoto, tumungoje akue. Kama ni ya mwenye zambi, tumusaidie aiseme na aiache. Kama ni ya mwingine aliyomutwika, tumusaidie kuitua chini. Kisha, siku ya Dominika, mbele ya watu wote, tumusalimie yeye wa kwanza, kwa jina lake.